Ndoto ya Tanuru

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama amesema sitakula chakula cha jioni kabla sijakuandikia, kwa hiyo nakuandikia. Angeweza kukupigia mwenyewe, lakini anasema ukipokea simu unasema "naam", unasikiliza kidogo, kisha unakata.

Habari yenyewe ni hii. Kile kiwanda kipya cha vigae nyuma ya maegesho ya malori kinatafuta mkalimani wa Kichina. Wachina wanaoendesha matanuru hawajui Kiswahili, mafundi wetu hawajui Kichina, na mama mmoja mtu mzima ambaye ndiye mkalimani mkuu amechoka kukimbia kutoka mashine hii hadi ile. Nimeomba, na nimeitwa kwenye usaili mwishoni mwa mwezi. Unaingia chumbani, Fundi Mkuu wa Kichina anakuwekea mezani kigae kibovu, nawe unamweleza kwa Kichina kina ubovu gani. Basi. Ukiweza, kazi unayo. Usipoweza, hawakuiti tena.

Unajua nilipo sasa. Nipo duka la kudurufu, nasimama mbele ya mashine tangu asubuhi, na bosi ananiita Mchina wa Tona, ule wino wa unga wa mashine, mbele ya wateja kwa sababu alinikuta nikisoma. Mama miguu haimruhusu tena kwenda kazini. Nikikosa nafasi hii sioni nyingine itakayonitoa pale.

Sasa Mama anasema nikuulize wewe, kwa kuwa umefundisha Kichina maisha yako yote. Kwa heshima, Mjomba, sijui nikuulize nini. Nimejifunza kwa simu. Kuna kamusi ya bure mtandaoni: unaichora herufi kwa kidole, na hata ukiichora vibaya yenyewe inajua ulichotaka. Kuna kamera, ukiielekeza kwenye maandishi ya Kichina yanageuka Kiswahili hapo hapo. Kuna kadi zinazokurudia kila siku mpaka neno likukae. Kuna sauti ya kukusomea. Ukipata jibu, paka mdogo anatokea na kukupigia makofi. Wewe, kwa maelezo ya Mama, ulitumia mwaka mzima kujifunza namna ya kutafuta neno kitabuni. Si kujifunza maneno. Kuyatafuta tu.

Kitabu chako ninacho, usiwe na wasiwasi. Kiko chini ya televisheni, maana meza imeinama upande mmoja.

Mpwa wako


9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, na nairudisha pamoja na hii ili uone kilichotokea. Umepanga "kuna, kuna, kuna" kama mtu anayepanga nyanya mafungu mafungu. Nilidhani shule ulikwenda.

Nianze na paka. Nimefundisha Kichina vijana wavivu na vijana hodari, na sijampigia makofi hata mmoja. Aliyekuja kwangu na njaa ya makofi nilimshauri akajifunze kuimba. Mtu akichora herufi ovyo kwa kidole, na chombo kikamjibu kwamba kimemwelewa, hajajifunza kuandika, amejifunza kudekezwa. Herufi ya Kichina ina mstari wa kwanza na mstari wa mwisho, na kila mstari una upande unakoanzia. Ukitafuta neno kitabuni, unatenga kiungo kikuu cha herufi, unahesabu mistari iliyobaki, unakwenda kwenye orodha, unakosea, unarudi. Katika kule kukosea ndimo neno linamoingia kichwani. Kwako wewe linaingia na kutoka kama maji kwenye chujio, na paka anashangilia.

Kamera pia nimeonyeshwa. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anauza vipuri na hajutii, alikuja na simu yake akaielekeza kwenye katoni la glasi lililotoka China. Simu ikaandika: "Moyo wangu huvunjika upesi, msinilaze chali." Nilipocheka akaniuliza kuna kosa gani. Hakuliona. Huyo ndiye mtu anayelelewa na kamera.

Na hiyo kamusi ya bure, imeandikwa na nani? Uliza. Hutapata jina. Watu wasiotaka kutajwa wamekusanya maneno wasiyoyajua, wakawapa watu wasiouliza. Mimi jina langu liko kwenye jalada la kitabu changu, na anayetaka kunilaumu anajua mahali pa kuanzia.

Kwa kuwa mama yako ni dada yangu, nakupa amri moja. Usitamke neno lolote mbele ya Mchina kabla hujaliona ndani ya kitabu changu. Simu ikisema ndiyo na kitabu kikasema ndiyo, sema. Simu ikisema ndiyo na kitabu kikanyamaza, nawe nyamaza.

Kitoe chini ya televisheni. Meza iliyoinama hupigiliwa misumari.

Mjomba wako


16 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yangu imerudi na wino mwekundu kila mahali kama imechinjwa. Mama ameiweka kwenye kabati la vyombo ili wageni waone kwamba kaka yake bado ana nguvu.

Meza imepigiliwa misumari. Kitabu kimetoka, kina alama za miguu ya televisheni mgongoni, na kinanuka dawa ya mende. Nilipokifungua kwa mara ya kwanza nilikutana na neno la kompyuta. Umeandika kwamba ni "mashine kubwa ya kukokotoa, ambayo hujaza chumba". Nilicheka dukani mpaka mteja akauliza kama mashine imeniunguza. Hicho ndicho kitabu kitakachonihakikishia maneno ya simu.

Hata hivyo natii. Nimekusanya kutoka kwenye simu maneno yote ya tanuru, udongo, rangi na nyufa, na kila moja nalitafuta kwako, kwa kuhesabu mistari kama unavyotaka, huku wateja wakisubiri. Mengine huna kabisa. Yale uliyo nayo, Mjomba, yanashangaza. Maelezo yako na ya simu yanafanana nukta kwa nukta. Ulisema wale wa kamusi ya bure ni wajinga, sasa mbona wanasema kama wewe? Tofauti niliyoiona ni moja tu: wewe karibu kila neno umelifuatishia sentensi ndefu ya mtu aliyelitumia, sijui baharia, sijui mpishi, na wao hizo sentensi wamezikata. Nawashukuru, maana macho yangu ninayahitaji.

Usaili ni tarehe 24. Niombee dua, ukipata nafasi kati ya kalamu na kalamu.

Mpwa wako


28 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Uliandika "nukta kwa nukta", na maneno hayo yamenifaa kuliko ulivyokusudia. Nilimwita muuza vipuri. Nikamkalisha, nikamwambia afungue kamusi ya simu, nikamtajia neno moja, herufi mbili. Akaliandika kwa kidole chake chenye grisi. Likatokea, na maelezo yangu chini yake. Nilikaa kitako, na kwa mara ya kwanza nikamkaribisha chai.

Nikueleze, maana hili hukufundishwa na paka. Sisi tunaotunga kamusi tuna desturi. Katikati ya maneno ya kweli tunaficha moja au mawili ya uongo, neno ambalo hakuna Mchina aliyepata kulitamka tangu Wachina wawepo. Halina kazi yoyote ila kungoja. Mwizi akija kunakili kitabu chako, hulibeba pamoja na mengine, kwa sababu mwizi hajui lugha. Angekuwa anaijua asingeiba. Kwa maneno ya kweli anaweza kujitetea kwamba ameyasikia kwa watu. Hili hawezi, maana halina watu.

Langu nililiweka kwenye tanuru. Nilichukua tanuru nikaliunganisha na ndoto, nikaandika: yao meng, yaani ndoto ya tanuru, ufa mwembamba sana unaojitokeza juu ya kigae kikipoa haraka. Nilikuwa bado na nywele nyeusi wakati huo. Nililipenda kuliko mengi ya kweli. Sikulipa sentensi ya mfano, kwa kuwa kudanganya mara moja kunatosha.

Nao wamelibeba. Wametupa mifano, yaani wametupa kitu pekee ambacho kingewatia shaka. Ni wezi wasiojua hata kuiba. Mwanasheria ameniambia ushahidi wa aina hii hajawahi kuushika, na sasa anaandika mashtaka. Sharti lake ni kwamba neno likae lilipo mpaka mahakama ilione kwa macho. Wakilifuta mapema hatuna kitu. Miaka yote hii nimesikia vijana wakisema simu inajua kila kitu. Sasa watajua simu ilijulia wapi.

Hujaniandikia usaili ulikwendaje. Nadhani ulikwenda vizuri, kwa kuwa mara hii ulifuata maagizo.

Mjomba wako


3 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nakueleza usaili.

Chumba kilikuwa na meza ndefu yenye vumbi jeupe, na nyuma yake watu watatu: Fundi Mkuu, yule mama mkalimani, na bwana wa ofisi ya ajira. Fundi Mkuu akaniwekea kigae cheupe. Nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha nikaona, juu ya rangi, nyufa nyembamba kama nywele. Nilifurahi, Mjomba. Neno lake nilikuwa nalo.

Nilikuwa nimelikuta kwenye simu, na ujue kwamba nililitilia shaka. Lilikuwa zuri mno kwa kazi ya kiwandani. Kwa hiyo nikafanya ulivyoniamuru. Nililitafuta kwenye kitabu chako, nikakosea, nikarudi, nikakosea tena. Likawepo. Simu ilisema ndiyo, kitabu kikasema ndiyo. Niliona halina sentensi ya mfano. Nilidhani ulichoka.

Nikamwambia Fundi Mkuu kwa Kichina, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba kigae kile kina ndoto ya tanuru.

Akauliza kina nini. Nikarudia polepole, nikidhani tatizo ni lafudhi. Akamtazama mama mkalimani, naye akatazama meza. Ndipo Fundi Mkuu akacheka. Hakucheka kwa ubaya; alicheka kama mtu aliyesikia mtoto akisema mwezi unamfuata nyumbani. Ningenyamaza pale ingekuwa afadhali. Lakini nilimwambia nina hakika, kwa sababu mjomba wangu ndiye aliyeandika kamusi. Walipotafsiriana hilo wakacheka wote, hata bwana wa ajira ambaye hajui Kichina. Akaniuliza kama nina neno jingine lolote la kuongeza. Yote yalikuwa yamenikimbia. Niliaga nikatoka.

Nipo kwenye tona. Bosi amepata habari, sijui kwa nani, na sasa akinipa kazi anauliza kama mashine imeota nini leo.

Uliniandikia kwamba mtego umenasa. Ni kweli. Nimeona nikwambie umenasa nini.

Mpwa wako


9 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma. Haina cha kusahihisha, kwa hiyo siirudishi.

Yaliyobaki nitayasema wazi. Katika utangulizi wa kitabu changu nimeandika kwamba neno lisilo na mfano lisitumike kabla ya kumuuliza mjuzi. Utangulizi hausomwi na mtu siku hizi; mnakimbilia katikati kama mbuzi shambani. Ungekuwa umeniandikia mstari mmoja kuniuliza, ningekujibu. Hukuniuliza, kwa sababu mtu aliyezoea simu anadhani kuuliza ni kubonyeza.

Hao waliokucheka nao siwaheshimu. Mtu mzima aliyeona binti amekosea neno moja, na asimpe neno lenyewe, hana tofauti na simu. Huyo Fundi Mkuu ajue kuchoma udongo, lugha atuachie sisi.

Sasa nisikilize. Usiwaambie wenye kamusi ya simu. Usimwambie mtu yeyote kiwandani kwamba neno hilo limetungwa. Likijulikana leo litafutwa leo, na kazi ya maisha yangu itabaki mikononi mwao bila jina, nami nitakuwa mzee mwingine anayelalamika. Mimi sitamwandikia mtu barua ya kuomba radhi, na kiwanda hicho sitakikanyaga. Kazi zipo nyingi. Kamusi nimeandika moja.

Nina mafua. Sitoki nyumbani wiki hii wala ijayo, na sitaki mtu aje kunitazama.

Mjomba wako


30 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mafua yamepona, maana nimesikia mambo.

Mama mkalimani alinifuata dukani mwenyewe. Nilidhani amekuja kudurufu. Akanivuta pembeni, akaniuliza kama nina mjomba mrefu, mwenye koti la kijivu lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Nikasema ninaye, ila anaumwa. Akasema basi ugonjwa wake una miguu.

Anavyosimulia ni kwamba mzee huyo alifika getini asubuhi na kitabu kikubwa kilichofungwa kwenye gazeti. Walinzi wakamwambia wauza vitabu hawaruhusiwi. Akawajibu kwamba bango la geti lao lina makosa mawili, akawaonyesha, akawaeleza kwa nini ni makosa, na mlinzi mmoja akatafutiwa kalamu ayarekebishe. Alikataa kiti. Alisimama juani mpaka Fundi Mkuu alipotoka kwenda kula. Hapo akamsemesha kwa Kichina.

Mama mkalimani anasema Kichina cha mzee huyo ni cha watu waliokwisha kufa. Alisema kwa heshima, usimkasirikie. Anasema kilikuwa kama redio ya zamani, kila neno limepigwa pasi, na Fundi Mkuu aliyekuwa na haraka ya chakula akasimama wima kama mbele ya mwalimu wa baba yake. Mzee akafungua kitabu kwenye ukurasa, akaweka kidole.

"Neno hili nimelitunga mimi, na ni uongo," alisema. "Msichana alifuata kitabu. Kama mna kicheko kimebaki, nichekeni mimi."

Hakuna aliyecheka. Fundi Mkuu akamuuliza kwa nini mtu aandike uongo kwenye kitabu chake mwenyewe. Mzee akamjibu kwamba hawezi kuelewa, kwa kuwa yeye hajawahi kuibiwa ila vigae. Kisha bwana wa ajira akataka jambo hilo liwe kwa maandishi, na mzee akaandika palepale, akatia sahihi na tarehe, akamrudishia kalamu na kumwambia kalamu mbaya hiyo.

Bwana wa ajira aliituma karatasi ile kwa wenye kamusi ya mtandaoni, kuwauliza kama ni kweli. Hawakumjibu. Nilipolitafuta neno kwenye simu jioni yake, nikakuta hakuna kitu. Wameliondoa kimya kimya, na mengine yako yote wamebaki nayo. Wiki iliyopita mwanasheria alimpigia Mama akikutafuta. Alimwambia kesi imekufa, na kwamba aliyeiua ni mteja wake mwenyewe. Mama alilia kidogo, kisha akasema ndivyo ulivyokuwa tangu utoto, ukitenda jambo jema unalificha kama umeiba. Kwangu hukuandika hata mstari.

Waliniita tena. Simu niliiacha getini, na kitabu pia, mama mkalimani alitaka hivyo. Safari hii kigae kilikuwa kimejikunja. Neno la kujikunja sikulijua, nikasema hivyo kwa Kichina, kwamba silijui. Nikatumia maneno madogo niliyo nayo: upande huu uko juu, upande huu uko chini, moto haukuwa sawa. Fundi Mkuu akakigeuza kigae, akanipa neno lenyewe, akanitaka nilirudie mara mbili mpaka nikalitamka vizuri. Bwana wa ajira akaanza kuandika.

Nimeanza Jumatatu. Bosi wa dukani aliuliza nani atasimamia mashine yake, nikamwonyesha kitufe cha kuwashia.

Walinzi wanauliza mzee wa koti atarudi lini. Nimewaambia nitamuuliza. Basi nauliza, Mjomba: ulikuwa wewe?

Mpwa wako,
Mkalimani wa zamu ya asubuhi


6 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Siku unayoitaja nilikuwa kitandani na mafua, kama nilivyokuandikia. Wazee wenye makoti ya kijivu ni wengi, na baadhi yao wana vitabu. Huyo wenu, kama alisimama juani asubuhi nzima kuzungumza na watu wa vigae, ana akili fupi, na nisingemshauri afanye hivyo.

Mambo ya mwanasheria ni yangu na mwanasheria. Mwambie mama yako apunguze kusimulia utoto wa watu.

Huyo mama mkalimani mfikishie salamu. Mwambie kwamba hao watu waliokwisha kufa, wenye Kichina cha zamani, walikuwa wakimaliza sentensi zao.

Umefanya kosa moja tu katika barua yako: umesema umepewa neno, na neno lenyewe hukuliandika. Sitaki kulitafuta. Niandikie.

Tanuru ni moto. Funga nywele.

Mjomba wako